Ukuta, Tundu na Wavu: Historia ya Kizimba cha Kuhamishika cha Sungura

Kizimba cha kuhamishika cha sungura ni wigo mwepesi wa waya unaowekwa juu ya nyasi wakati wa mchana ili sungura anayefugwa nyumbani apate kukimbia, kuruka na kula majani mabichi, kisha ukainuliwa au kukunjwa na kupelekwa mahali pengine. Mnunuzi wa leo hukikuta dukani kikiwa kimekamilika, na vipimo vyake vya urefu, upana na kimo vimeandikwa kwenye boksi kana kwamba vilipangwa na mtu mmoja kwa siku moja, ilhali kila sehemu ya kifaa hicho ina umri wake. Paa lake linatokana na hofu iliyoandikwa na Warumi kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Waya wake ni zao la ufundi wa viwanda vya Uingereza na Ufaransa katika karne ya 19. Uwezo wake wa kuhamishwa uliwavutia kwanza watu waliotaka nyama ya bei nafuu. Na nafasi ya kukimbilia, ambayo ndiyo mnunuzi huifikiria mwanzo, ilianza kudaiwa kwa nguvu miaka arobaini hivi iliyopita. Katika historia ndefu ya kumzuia sungura, haja ya sungura mwenyewe ya kunyoosha viungo ndiyo iliyosikilizwa mwisho, na vizimba vingi vinavyouzwa hadi sasa bado vina vipimo vya zama ambazo haja hiyo haikuhesabiwa.

Sungura wote wa kufugwa duniani, wawe wa manyoya mafupi au marefu, masikio yaliyosimama au yaliyolala, wanatokana na spishi moja tu, Oryctolagus cuniculus, ambayo makao yake ya asili ni rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno za leo, pamoja na kusini mwa Ufaransa. Msomaji wa Afrika Mashariki hana budi kumtenga mnyama huyu na sungura wa porini anayemfahamu kutoka mbugani na katika ngano, ambaye ni wa jenasi ya Lepus. Huyu wa porini hachimbi mashimo. Huzaa juu ya ardhi, na watoto wake huzaliwa wakiwa na manyoya na macho yaliyofumbuka, kwa hiyo akikutwa na adui hutegemea mbio zake tu. Yule wa Iberia huishi kwa makundi ndani ya mashimo anayoyachimba, huzaa watoto vipofu wasio na manyoya, na kila anapotoka kwenda malishoni hubaki karibu na mlango wa shimo lake. Anachimba, anatafuna, anaruka, na anaongezeka upesi kwa kuwa mimba yake huchukua takriban mwezi mmoja. Ndiyo maana Pliny Mkubwa, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alisimulia kwamba wakazi wa visiwa vya Balearic, waliokuwa wameshambuliwa na njaa kwa sababu ya sungura walioteketeza mazao yao, walimwomba Kaisari Augusto msaada wa askari. Mnyama wa namna hiyo hakufaa kuachwa huru karibu na mashamba, wala hakufaa kupuuzwa na watu waliopenda nyama yake.

Maelezo ya kale yaliyo bora kuhusu wigo wa sungura yamo katika kitabu cha kilimo cha Marcus Terentius Varro, kilichoandikwa mwaka 37 KK, ambamo mwandishi huyo, aliyekuwa na umri wa miaka themanini hivi, anaeleza katika sehemu ya tatu mahali panapoitwa leporarium kwa Kilatini, yaani shamba lililozungushiwa ukuta kwa ajili ya sungura. Varro anasisitiza kwamba ukuta huo upakwe lipu ili usiwe na mwanya wa kupitisha paka au mnyama mdogo mwindaji, na uwe mrefu kiasi cha kumshinda mbwa mwitu anayetaka kuuruka. Ndani ya ukuta anataka pawe na vichaka na nyasi ambamo sungura watajificha mchana, na miti yenye matawi yaliyotanda ili tai asipate njia ya kushuka. Anataja pia kwamba miongoni mwa sungura waliofugwa humo wamo wale wa Hispania, wadogo kwa umbo, ambao yeye anawafahamu kwa tabia yao ya kuchimba.

Maelekezo hayo yanastahili kusomwa polepole, kwa sababu yana karibu kila jambo ambalo mshauri wa wafugaji wa leo angelitaja: tundu za wigo zilingane na adui mdogo kuliko wote, kimo chake kilingane na adui mkubwa, juu pawe na kinga dhidi ya ndege, na ndani pawe na maficho. Jambo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi madukani. Sungura ni mnyama anayeliwa na wengi, na mwili wake umeumbwa kwa ajili ya kukimbilia mahali penye giza. Kizimba cha waya mtupu kilichowekwa katikati ya uwanja humwonyesha kila hatari bila kumpa mahali pa kuikwepa, na hofu ya muda mrefu humdhuru hata kama hakuna adui aliyemgusa. Varro hakuwa akimhurumia sungura kwa maana ya leo, kwani shamba lake lilikuwa ghala la karamu, lakini uzoefu ulikuwa umemfundisha kwamba mnyama mwenye hofu hastawi.

Kwa karne nyingi baada ya Warumi wigo ulibaki kuwa kitu kikubwa na kisichosogea. Uingereza, ambako sungura waliletwa kwa wingi na watawala wa Kinormani katika karne ya 12, ndiko mfumo huo ulikopata sura yake kamili, na kumbukumbu za mwaka 1176 tayari zinawataja sungura wa visiwa vya Scilly. Sungura wa siku hizo alikuwa mali adimu, ghali kuliko kuku, na aliwekwa katika wareni, yaani ardhi maalumu iliyotengwa kwa ajili ya kumzalisha na ambayo mwenye nayo alilindwa na haki iliyotolewa na mfalme. Mlinzi wa wareni alifanya kazi ambayo leo ingeonekana ya ajabu: aliwajengea sungura matuta marefu ya udongo laini na wakati mwingine kuwaanzishia mashimo, kwa kuwa wanyama hao wa nchi za jua hawakuizoea ardhi nzito na yenye maji, aliwapelekea majani wakati wa baridi, na alitega mitego ya kuwanasa vicheche. Mipaka ya wareni ilikuwa mito, mitaro au kuta za udongo, ambazo katika eneo la Breckland, mashariki mwa Uingereza, zilipandwa vichaka vya miiba juu yake. Karibu na Thetford bado limesimama jengo la mawe lenye kuta nene, lililojengwa karibu na mwaka 1400, ambalo lilikuwa makao ya mlinzi na ngome yake dhidi ya wezi, na katika nyanda za juu za Dartmoor matuta ya wareni ya Ditsworthy yanaonekana hadi leo kandokando ya mto Plym.

Wareni ilimwachia sungura miguu yake, ikamnyima tu ulimwengu wa nje. Kilichokuja kumnyima miguu yenyewe ni tundu, yaani boksi la mbao lenye mlango wa fito au waya ambamo sungura mmoja au wachache hufungiwa karibu na nyumba. Kuna hadithi maarufu, iliyorudiwa katika vitabu vingi, kwamba tundu lilitokana na watawa wa Ufaransa walioanza kuwafuga sungura baada ya Papa Gregory, karibu na mwaka 600, kuruhusu vitoto vya sungura viliwe wakati wa Kwaresima kwa sababu si nyama. Mwaka 2018 watafiti waliofuatilia hadithi hiyo walionyesha kwamba Papa huyo hakutoa amri ya namna hiyo. Jina lake lilichanganywa na la Gregory wa Tours, askofu na mwanahistoria ambaye alitaja tu kwamba mtu fulani alikula sungura wachanga wakati wa mfungo. Kinachoonekana wazi ni kwamba ufugaji wa ndani ulikua hatua kwa hatua, na kufikia mwaka 1600, Olivier de Serres, bwana shamba wa kusini mwa Ufaransa aliyeandika kitabu kikubwa cha kilimo, aliweza kuwagawa sungura katika makundi matatu, wa porini, wa wareni na wa tundu, akiwaweka wa tundu chini ya wengine wote kwa ladha ya nyama yao.

Malalamiko kuhusu ladha yalitangulia malalamiko kuhusu afya kwa zaidi ya miaka mia mbili. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1868 kuhusu mabadiliko ya wanyama na mimea chini ya mikono ya wanadamu, alitumia sura nzima kwa ajili ya sungura, akapima mafuvu na mifupa ya wale wa porini na wale wa kufugwa, na akaona kwamba ubongo wa sungura wa kufugwa ulikuwa mdogo ukilinganishwa na ukubwa wa mwili wake. Aliihusisha hali hiyo na vizazi vingi vya kufungiwa katika nafasi finyu ambamo mnyama hakutumia akili, hisi wala viungo vyake. Wanasayansi wa sasa hulieleza jambo hilo zaidi kwa uteuzi, yaani kwamba watu waliendelea kuzalisha wanyama wapole wasioogopa, hata ubongo wenyewe ukabadilika. Lakini hoja ya Darwin kuhusu viungo haikupotea, kwa maana mifupa ya sungura asiyepewa nafasi ya kuruka huwa dhaifu, na uti wa mgongo wake huweza kupinda. Ni jambo la kusikitisha kwamba hoja hiyo, iliyochapishwa na mwanasayansi mashuhuri kuliko wote wa zama zake, haikubadilisha hata ubao mmoja wa tundu la sungura kwa muda mrefu uliofuata.

Kilichobadilisha tundu kilikuwa waya. Kabla ya katikati ya karne ya 19 wigo mwepesi usioweza kutafunwa haukuwezekana, kwa sababu fito na matete hayadumu mbele ya meno ya sungura, ambayo hukua maisha yake yote na humlazimisha kutafuna, na chuma cha kufuliwa kilikuwa kizito na ghali. Mwaka 1837 mhandisi Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kukinga chuma kwa kukichovya katika zinki iliyoyeyushwa ili kisishike kutu. Mwaka 1844 Charles Barnard wa Norwich, mji uliokuwa na sifa ya kale ya ufumaji wa nguo, aliunda mashine ya kufuma wavu wa waya kwa kuiga mitambo ya wafumaji, na wavu wa tundu za pembe sita, ambao Afrika Mashariki hujulikana kama wavu wa kuku, ukaanza kuenea duniani. Wateja wake wakubwa hawakuwa wafugaji wa sungura, bali maadui wa sungura wenyewe. Sungura waliotoroka wareni walikuwa wamegeuka kero ya wakulima wa Uingereza, hata Bunge likapitisha sheria ya mwaka 1880 iliyowapa wapangaji wa mashamba haki ya kuwaua. Na huko Australia, ambako Thomas Austin aliwaachia sungura kadhaa huru mwaka 1859 ili apate wa kuwinda, serikali ya Australia Magharibi ilijenga kati ya mwaka 1901 na 1907 nyuzio tatu, ya kwanza ikiwa na urefu wa kilomita 1,833, kwa nia ya kuwazuia wasiende magharibi. Sungura walivuka hata hivyo. Funzo lililobaki mikononi mwa mafundi lilikuwa la maana: wavu unaoishia juu ya ardhi haumzuii mnyama mchimbaji, na sharti sehemu yake ifukiwe au ikunjwe na kulazwa chini kama pindo.

Kizimba cha kuhamishika kilipata umaarufu katika miaka hiyohiyo ya wavu. Mwanajeshi Mwingereza, Meja Morant, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 19 kuhusu sungura kama chakula cha watu wa kawaida, alitetea utaratibu uliokuja kubeba jina lake, ambamo sungura hawakai katika tundu lililosimama mahali pamoja bali katika kizimba kirefu cha mbao na waya, aghalabu chenye umbo la paa la pembe tatu, kilicholazwa juu ya malisho. Upande mmoja ulizibwa kwa mbao uwe chumba cha kulala. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya wavu pande zote, na wavu mwingine ulitandazwa chini, wenye tundu pana kiasi cha kupenyeza majani lakini si kiasi cha kumruhusu sungura kuchimba. Kila siku, na pengine mara mbili kwa siku, mfugaji alikivuta kizimba hatua moja mbele, sungura wakakuta nyasi mpya, na mbolea yao ikabaki nyuma kurutubisha ardhi.

Uzuri wa utaratibu huo ulikuwa katika hesabu yake. Nyasi hazikununuliwa, hakukuwa na takataka za kuzoa, na kipande kidogo cha uwanja kililisha familia. Lakini ulikuwa na faida nyingine ambayo watumiaji wake waliiona kwa macho kabla ya kuielewa. Adui mkubwa wa sungura wanaokaa pamoja ni koksidia, vimelea vidogo visivyoonekana kwa macho matupu, wa ukoo mmoja na wale wanaowaletea kuku ugonjwa ambao wafugaji huuita kuhara damu. Mayai ya vimelea vya namna hiyo yalionwa na Antoni van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, mwaka 1674, alipoiweka nyongo ya sungura chini ya lenzi yake, ingawa hakuweza kujua alichokuwa akikitazama. Mayai hayo hutoka na kinyesi yakiwa bado hayana uwezo wa kuambukiza. Huhitaji hewa, unyevu na joto kwa muda wa siku mbili au zaidi ndipo yakomae. Mfugaji aliyekihamisha kizimba chake kila siku alikuwa akiwaondoa sungura kabla ya ardhi kugeuka sumu, na yule aliyekiacha mahali pamoja kwa wiki nzima kwa uvivu au kwa uhaba wa nafasi alikuwa akiwalisha ugonjwa. Kwa hiyo neno “kuhamishika”, ambalo matangazo ya leo hulitumia kusifu wepesi wa kubeba, awali lilihusu siha ya mnyama, na kizimba kinachohamishika lakini hakihamishwi hakina tofauti na tundu chafu.

Vita viwili vya dunia viliueneza mtindo huo wa ufugaji. Uingereza, iliyokuwa ikikosa nyama kwa sababu ya kuzuiwa kwa meli, iliwahimiza raia kufuga sungura nyuma ya nyumba, na katika Vita vya Pili wale waliojiunga katika vyama na kukubali kutoa sehemu ya mazao yao walipewa mgao wa pumba. Vita vilipokwisha na nyama kurejea sokoni, matundu yalibaki katika bustani, na wakazi wake wakawa sungura wa watoto. Hapo ndipo lilipoanzia tatizo linaloonekana hadi leo: sungura aliyewekwa kwa miezi michache kabla ya kuchinjwa na sungura anayetarajiwa kuishi miaka minane au kumi walipewa boksi lilelile. Vitabu vya Beatrix Potter, ambaye alifuga sungura mwenyewe na ambaye hadithi yake ya Peter Rabbit ilitoka kibiashara mwaka 1902, vilikuwa vimekwisha kuwafundisha wasomaji kumpenda mnyama huyo, lakini mapenzi hayo hayakugusa vipimo vya makao yake.

Mabadiliko ya kweli yalitoka Marekani. Mwaka 1985 Marinell Harriman alichapisha mwongozo wa kufuga sungura ndani ya nyumba kama paka au mbwa, na mwaka 1988 kikaundwa California chama cha House Rabbit Society, kilichowaokoa sungura waliotupwa na kuwafundisha watu namna ya kuwatunza. Wafugaji wa mkondo huo hawakuhitaji kizimba cha kulishia, kwani nyasi kavu waliweza kununua. Walihitaji nafasi ya kukimbilia. Walichokuta tayari madukani ni wigo wa mbwa, uliotengenezwa kwa vipande vya nondo nyembamba vilivyounganishwa kwa bawaba, ambavyo hufunguliwa kuwa duara au mraba na kukunjwa kuwa bapa. Wigo huo hauna paa wala sakafu. Ndani ya nyumba unatosha. Ulipotolewa nje, kasoro zote ambazo Varro aliziandika zilirudi mara moja.

Nchini Uingereza sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2006 ilimtaka kila mfugaji wa England na Wales ampe mnyama wake mazingira yanayomfaa na nafasi ya kuonyesha tabia zake za kawaida, na chama cha ustawi wa sungura cha nchi hiyo, Rabbit Welfare Association and Fund, kikaendesha kampeni ya kusema kwamba tundu peke yake halitoshi. Kipimo kinachopendekezwa na chama hicho kwa sungura wawili ni mita 3 kwa 2, kimo cha mita 1, eneo ambalo lipatikane kwao muda wote, wala si kwa saa chache. Kimo kina sababu yake: sungura husimama kwa miguu ya nyuma kutazama hatari, na mashindano ya kuruka viunzi yaliyoanzia Sweden katika miaka ya 1970 yameonyesha kwamba sungura mwenye afya aweza kuvuka kizuizi cha karibu mita moja. Wigo wa sentimita 60 ulio wazi juu humzuia yule tu ambaye hajaamua kutoka.

Mwenye kuchagua kizimba leo, kwa hiyo, anachagua kati ya mirathi mbili. Kizimba cha mbao chenye umbo la paa ni mtoto wa Morant: kina kivuli na maficho, hakipinduliwi kirahisi, lakini ni kizito, ni kifupi, na aghalabu kilipimwa kwa ajili ya mnyama anayetakiwa kunenepa. Wigo wa vipande ni mtoto wa wafugaji wa mbwa: ni mpana na mwepesi, lakini sharti uongezwe kila kitu kingine, yaani wavu wa juu, sanduku la kujifichia, kitambaa cha kivuli na pindo la waya chini. Wavu wenyewe ukaguliwe kwa unene kabla ya tundu. Ule wa pembe sita wa Barnard ulifaa sana kumzuia kuku asitoke, ila mbweha aweza kuuchana na sungura aweza kuukata, ndiyo sababu washauri hupendelea wavu wa kuchomelea wenye nyaya za unene wa milimita 1.6 hivi na tundu za milimita 13 kwa 25, zinazomkatalia hata kicheche. Sakafu ya wavu humzuia kuchimba, na ikilala kwa usawa juu ya nyasi haimdhuru. Ikining'inia juu ya ardhi, au mnyama akikalishwa juu yake muda wote, nyayo zake, ambazo hazina vifumba vya ngozi ngumu kama vya mbwa, huchubuka na kuota vidonda.

Kuna sharti moja ambalo Varro wala Morant hawakulijua. Ugonjwa wa myxomatosis, uliotambuliwa mwaka 1896 huko Montevideo na Giuseppe Sanarelli katika sungura wa maabara yake, ulisambazwa kwa makusudi Australia mwaka 1950 ili kuwapunguza sungura wa porini, na mwaka 1952 daktari Mfaransa Paul-Félix Armand-Delille aliwaambukiza sungura katika shamba lake la Maillebois, kitendo kilichoeneza maradhi hayo karibu Ulaya yote. Uingereza yalifika mwaka 1953 na kuua takriban asilimia 99 ya sungura wa porini. Maradhi hayo hubebwa na mbu na viroboto, ambao wavu wa waya hauwazuii. Homa ya sungura ya kutoka damu, iliyotokea China mwaka 1984, na aina yake mpya iliyojitokeza Ufaransa mwaka 2010, huenea hata kwa majani na viatu vilivyogusa mizoga. Tangu hapo, uwanja ambao sungura wa porini hupita usiku umekuwa mahali pa hatari kwa sungura wa nyumbani, na mfugaji wa Ulaya hupeleka mnyama wake kuchanjwa kabla ya kukifungua kizimba juu ya nyasi.

Katika Kenya, Tanzania na Uganda ufugaji wa sungura ulichukua njia nyingine. Banda la kawaida huinuliwa juu ya miguu, sakafu yake ni ya fito au wavu, majani hukatwa na kuletwa, na wafugaji wengi huiweka miguu ya banda ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya injini ili siafu wasipande. Kizimba cha kulazwa ardhini huikosa kinga hiyo kabisa, na nyoka mwembamba hupenya wavu unaomshinda paka. Tena sungura hatoi jasho. Hupunguza joto kupitia masikio na pumzi, na hali ya hewa inayozidi nyuzi 30 humweka katika hatari ya kufa. Kwa mfugaji wa Mombasa au Dar es Salaam kizimba cha nje kinafaa saa za asubuhi na za jioni, ambazo kwa bahati njema ndizo saa ambazo sungura kwa maumbile yake hupenda kutembea, na kinafaa pakiwepo mtu wa kukiangalia. Jua linapopanda mnyama hurudishwa bandani. Katika nyanda za juu, kama Limuru, Lushoto au Kabale, muda huo huongezeka, na nyasi zipo za kutosha kukisogeza kizimba kila siku kama Morant alivyoelekeza.